Kabla hujachonga hedi ya Hiace yako: pima kwanza nguvu imepotelea wapi

Leo tunaacha kidogo mbegu na mbolea, tunaingia gereji. Najua kuna atakayesema, "Afisa ugani na injini wapi na wapi?" Jibu ni fupi tu. Nyanya inalimwa shambani lakini hela yake ipo sokoni, na katikati hapo kuna barabara. Msimu uliopita nimeona matenga ya nyanya yameozea kandokando ya barabara, na si kantangaze wala mnyauko uliohusika. Gari lilichemsha, basi.

Makala haya yametokana na simu niliyopigiwa na vijana wa kikundi kimoja wilayani Urambo. Wapo watano, wanalima nyanya na vitunguu kwa umwagiliaji, na walinunua Hiace ya dizeli iliyotumika kwa fedha za mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana. Gari lilikuwa limeanza kuchoka. Mwenyekiti wao akaniambia hivi: "Shikamoo mtaalamu. Fundi kasema tukichonga hedi milimita mbili, tukafungua na skrubu ya pampu, gari itavuta kama mpya. Lakini anataka hela yote iliyopo kwenye akaunti ya kikundi. Tumpe?"

Nikamwambia, msimpe mtu hela kabla hajapima kitu. Mengine yote tuliyoongea, na tuliyoyaona baada ya kufungua injini ile, nayaweka hapa kwa sababu najua si wao peke yao. Tabora nzima imejaa Hiace za zamani zinazobeba mazao, na ushauri wa "tuchonge hedi ipate nguvu" unazunguka kila gereji.

Kwanza, tujue tupo wapi

Barabara tunayotumia kupeleka mazao ni ya zamani sana kuliko gari lolote. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita hapa Tabora, Unyanyembe, ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857 walikuta mji wa biashara umeshakomaa. Waliobeba ile biashara ni wapagazi, na Wanyamwezi ndio walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo chake, karibu kilo 30 hivi, kwa sababu kila mtu alijua safari ni ya miezi na mwili una mwisho. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mzigo ukahamia kwenye behewa, na leo umehamia kwenye lami na kwenye Hiace yako.

Kuna jambo moja la eneo letu ambalo mafundi wengi hawalitaji. Tabora mjini ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi; mgandamizo wake ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, kwa hiyo kila pumzi inayovuta hapa ina hewa kidogo kuliko ambayo ingevuta pale Ubungo. Gari ulilolijaribu Dar ukalisifia, likifika huku litakuwa limepungua nguvu hata kama ni zima kabisa. Hiyo si ajali wala si ugonjwa. Usimlipe mtu akutibie urefu wa nchi.

Hedi inafanya kazi gani?

Hiace nyingi za dizeli tunazonunua zikiwa zimetumika zina injini za ukoo mmoja wa Toyota: 2L, 3L au 5L. Zote zina silinda nne na kamshafti moja iliyokaa juu kwenye hedi, inayozungushwa na mkanda. Tofauti kubwa ni ukubwa. 2L ina sentimita za ujazo 2,446, 3L ina 2,779 na 5L ina 2,986. Upana wa silinda nao unatofautiana: milimita 92, milimita 96 na milimita 99.5.

Hedi ni kile kipande kizito kinachofunika bloku kwa juu. Ndani yake kuna valvu za kuingiza hewa na valvu za kutoa moshi. Kamshafti inazungukia juu yake, na kila yai la kamshafti likifika chini linasukuma tapeti, tapeti inasukuma valvu, valvu inafunguka. Springi inairudisha. Ukitaka kuielewa kamshafti, mfikirie kirangozi wa msafara: yeye habebi mzigo mkubwa, ila akikosea hatua, msafara mzima unagongana.

Kati ya kamshafti na tapeti lazima kuwe na nafasi ndogo sana. Kwenye 3L na 5L nafasi hiyo, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.20 hadi 0.30 kwa valvu ya hewa, na milimita 0.40 hadi 0.50 kwa valvu ya moshi. Nafasi ya valvu ya moshi ni kubwa kwa sababu yenyewe inapata moto mkali zaidi, na chuma kikipata moto kinarefuka. Kama nafasi haipo, valvu haikai sawasawa kwenye siti yake. Inabaki wazi kiasi cha unywele, moto unapita pembeni yake, na baada ya muda valvu inaungua.

Hapa kuna jambo linalowachanganya vijana wengi. Tapeti yenye nafasi kubwa inapiga kelele, kwa hiyo unakimbilia kwa fundi. Tapeti iliyobana haipigi kelele yoyote. Gari lako linakuwa kimya, unalisifia, kumbe valvu inaungua taratibu. Ya kelele inakuudhi, ya kimya ndiyo inakumaliza.

Kuchonga hedi: linatoka wapi wazo hili?

Fundi anayekwambia kuchonga hedi kunaongeza nguvu hajatunga uongo. Amelitoa kwenye injini za petroli. Hedi nyingi za petroli zina bonde kwa chini, na bonde hilo ndilo chumba cha mwako. Ukikwangua uso wa hedi, bonde linapungua kina, mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa zaidi, na nguvu inaongezeka kidogo. Hata huko kuna mpaka. Ukizidisha, petroli inalipuka kabla ya wakati wake na injini inaanza kugonga.

Sasa njoo kwenye dizeli yako. Geuza hedi ya 3L uitazame chini: uso wake ni bapa. Hakuna bonde la kupunguza. Chumba cha mwako ni kijumba kidogo kilichofichwa ndani ya hedi, dizeli inapulizwa humo, moto unaanzia humo ndipo unatokea kwenye pistoni. Kwa hiyo ukichonga milimita mbili za uso ule bapa, mbano hauongezeki kama ulivyoahidiwa. Unachofanya ni kuzisogeza valvu karibu na pistoni, na kupunguza unene wa chuma kilichobaki kati ya moto na njia za maji. Pistoni ikija kugusana na valvu, hutatengeneza tena, utanunua injini.

Halafu jiulize, mbano uongezwe ili iweje? Injini hizi zimetoka kiwandani zikiwa na mbano wa karibu 22 kwa 1. Petroli nyingi za umri ule zipo kwenye 9 au 10. Dizeli yako tayari inabana zaidi ya mara mbili ya petroli. Shida yake ni kwamba mbano ule imeupoteza, unavujia mahali fulani. Kazi yako ni kutafuta unavujia wapi.

Kuchonga uso wa hedi kuna sababu moja tu ya halali kwenye dizeli hizi: hedi imepinda, unataka kuinyoosha. Hapo unachonga kidogo kabisa, kiasi cha kuondoa mpindo na si zaidi, na baada ya kuchonga valvu zinapimwa tena zimezama kiasi gani ndani ya hedi.

Na ile skrubu ya pampu?

Hii ni hatari zaidi kwa sababu unaona matokeo siku hiyohiyo. Ukifungua skrubu, pampu inamwaga dizeli nyingi, gari linaamka. Ila dizeli inahitaji hewa ili iungue yote, na nimeshasema hewa ya Tabora ni nyepesi. Dizeli isiyopata hewa inatoka nyuma kama moshi mweusi, yaani hela yako inapaa angani, na inayoungua ikichelewa inapandisha joto la moshi. Joto hilo linapita kwenye valvu za moshi na kwenye hedi. Injini za 2L, hasa ile yenye tabo, zilijipatia sifa mbaya ya kupasuka hedi kwa joto. Hapo hujanunua nguvu, ndugu yangu. Umeikopa kwa riba, na dhamana ni hedi.

Kama Hiace yako inatoa moshi mweusi ukipanda kilima, anza na ea klina. Barabara zetu za vumbi zinaiziba upesi, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba. Itoe, ikung'ute, na kama imeshakuwa nyeusi nunua nyingine. Baada ya hapo zipeleke nozeli zikapimwe. Hivi viwili ni nafuu kuliko kazi yoyote ya hedi, na mara nyingi ndivyo vyenye tatizo.

Pima kabla ya kufungua

Vipimo vifuatavyo havihitaji kufungua hedi. Fundi akikataa kuvifanya, tafuta mwingine.

1. Asubuhi gari likiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta kabla ya kuwasha. Maji yakiwa yanapungua kila siku na huoni yanapovujia, yanaingia kwenye silinda au kwenye oili.

2. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, utazame maji. Viputo vinavyotoka mfululizo maana yake mbano unapita kwenye gasketi au kwenye ufa na kuingia kwenye maji. Gari likiwa la moto usiufungue mfuniko huo kamwe. Maji yanaruka usoni.

3. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa au chai ya maziwa ina maji.

4. Tazama moshi. Wa bluu unaotoka kidogo asubuhi kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu. Wa bluu usioisha ukiwa na mzigo, fikiria ringi za pistoni. Mweupe wenye unyevunyevu usioisha hata injini ikishapata moto, fikiria maji.

5. Pima mbano wa kila silinda kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haifai, haifiki kiwango hicho. Injini hizi zinatakiwa zisishuke chini ya bar 20 hivi, na silinda zisipishane kwa zaidi ya bar 5. Kitabu cha injini yako ndicho mwamuzi wa mwisho. Silinda zote zikiwa chini kwa kiasi kinachofanana, injini imechakaa kwa ujumla. Moja ikiwa chini peke yake, tatizo lipo mahali pamoja na huenda likatibika.

6. Fungua mfuniko wa juu, upime nafasi za tapeti kwa fila geji, zote nane. Ziandike kwenye karatasi, usiziweke kichwani. Karatasi hiyo ni mali ya kikundi.

Tulichokuta kwenye Hiace ya Urambo

Lile gari la vijana lilikuwa na 3L. Tulipopima mbano, silinda tatu zilikaribiana vizuri na moja ilikuwa chini sana. Kwenye tapeti, valvu ya moshi ya silinda ileile haikuwa na nafasi kabisa. Hata ulimi mwembamba wa fila geji haukupita. Kabla hedi haijafunguliwa tukawa tumeshajua ugonjwa upo wapi. Kama wangechonga zile milimita mbili bila kupima, wangekuwa wamechonga hedi nzima na valvu iliyoungua ikarudishwa palepale.

Hedi ilipotoka tukaona valvu ile imelika upande mmoja, kama kipande cha muhogo kilichoguguna panya. Themostati haikuwepo. Kuna mtu aliitoa zamani "ili maji yapite vizuri". Nilitegemea kukuta ufa kati ya valvu, lakini hedi ilipopimwa kwa presha haikutoa kiputo hata kimoja. Ilikuwa imepinda kidogo tu.

Vijana wakagawanyika. Wawili wakataka gari liuzwe hivyohivyo kwa bei ya hasara. Mmoja akataka wakope tena wanunue 5L. Binti anayetunza hesabu za kikundi akauliza swali la maana kuliko yote: "Fundi, hiki ulichokishika mkononi kikitengenezwa kama kilivyotoka kiwandani, gari itabeba nini?" Fundi, mzee mmoja mtulivu, akamjibu, "Mwanangu, itabeba mzigo wake. Mnaobeba nyie si mzigo wake."

Wakatengeneza. Na wakakubaliana idadi ya matenga kwa kila safari, wakaiandika kwenye daftari la kikundi. Hili la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza, maana sokoni kila mtu anataka kupakia tenga moja la mwisho. Gari linavuta vizuri sasa. Halijawa 5L, wala hakuna aliyewaahidi hivyo.

Marekebisho ya hedi yanayolipa

Kama hedi yako imeshafunguliwa, hizi ndizo kazi zinazorudisha nguvu. Zifanye zote kwa pamoja, kwa sababu kufungua mara ya pili ni gharama ileile tena.

*Siti za valvu zikatwe kwa pembe tatu.* Siti inakatwa kwa nyuzi 45 pale valvu inapogusa, halafu juu na chini yake inakatwa kwa nyuzi 30 na 60 ili mstari wa mguso uwe mwembamba na ukae katikati ya uso wa valvu. Hewa inapita vizuri na valvu inafunga sawasawa. Baada ya hapo kila valvu inasagwa kwa pesti kwenye siti yake, na isichanganywe na ya jirani. Kuna mafundi wanaopenda kupanua njia za hewa kwa kusaga kuta zake. Kwenye dizeli ya kazi inayozunguka polepole, faida yake ni ndogo. Pesa hiyo iweke kwenye siti.

*Gaidi na sili za valvu.* Valvu ikicheza ndani ya gaidi, siti mpya itaharibika upesi. Badilisha gaidi zilizolika, na sili badilisha zote.

*Gasketi ya unene sahihi.* Hapa wengi hawajui. Gasketi za hedi za injini hizi zinatengenezwa kwa unene tofauti, zikiwa na alama ya herufi. Unene unachaguliwa kwa kupima pistoni inachungulia kiasi gani juu ya uso wa bloku. Ukiweka nyembamba kuliko inayotakiwa, pistoni inakaribia valvu. Ukiweka nene, unapoteza mbano, na asubuhi ya baridi gari linasumbua kuwaka. Usinunue gasketi kwa kusema "nipe ya 3L". Pima, halafu nenda dukani na herufi.

*Boliti zikazwe kwa utaratibu.* Unaanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana yenye kipimo, kufuata kitabu. Fundi anayekaza kwa kuvuta mpaka aguune anabahatisha, na hedi itapinda tena.

*Tapeti zisetiwe upya.* Nafasi inarekebishwa kwa kubadilisha shimu, vile visahani vidogo vyenye unene tofauti. Huhitaji kununua zote. Mara nyingi unaweza kuzihamisha kutoka tapeti moja kwenda nyingine na kununua chache zinazopungua.

*Mkanda wa kamshafti.* Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kwenye gari lililotumika usiamini kinachosomeka kwenye dashibodi. Kama hujui uliwekwa lini, weka mpya. Ukikatika njiani, pistoni na valvu zinagongana, na kazi yote uliyolipia inaisha kwa sekunde moja.

*Themostati irudishwe.* Kwenye injini nyingi za Toyota themostati inafanya kazi mbili. Inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na ukiwa na mzigo mzito kilimani gari linachemsha kuliko mwanzo. Tumia na dawa ya rejeta, siyo maji matupu ya bombani au ya mto. Na gari likichemsha, zima, subiri lipoe lenyewe. Maji ya baridi kwenye hedi ya moto ndiyo yanayopasua.

Kuhusu kuchanganya hedi na injini

Utaambiwa, "Tufunge hedi ya 3L kwenye 2L yako." Rudi kwenye namba nilizotoa juu: 92 na 96. Matundu ya gasketi, nafasi ya kile kijumba cha moto na ukubwa wa valvu havikupangwa kwa ajili ya bloku ile. Kama kweli unahitaji nguvu zaidi ya ambayo 2L inatoa, njia safi ni kubadilisha injini nzima kuwa 3L iliyopimwa mbano mbele yako kabla hujalipa. Kwa kuwa ni ukoo mmoja, ni kazi wanayoizoea mafundi. Kumbuka namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo nenda TRA ukarekebishe taarifa kabla trafiki au bima hawajaliona hilo siku mbaya.

Hesabu ya kuamua

Wewe ni mfanyabiashara, kwa hiyo usiamue kwa kusikia mlio wa injini. Chukulia mfano huu. Urambo hadi Tabora mjini ni kama kilomita 90, kwenda na kurudi 180. Gari lenye valvu inayovuja likienda kilomita 8 kwa lita, safari moja inakula lita 22.5. Likitengenezwa likafika kilomita 10 kwa lita, linakula lita 18. Umeokoa lita 4.5. Safari tatu kwa wiki kwa wiki 12 za mavuno ni safari 36, sawa na lita 162. Zidisha kwa bei elekezi ya dizeli inayotangazwa na EWURA mwezi huo, uweke namba zako mwenyewe badala ya zangu. Ongeza na thamani ya shehena moja ya nyanya ikiozea njiani. Halafu linganisha na bei ya kazi ya hedi. Kama hesabu haifiki, usitengeneze. Kodi gari la mwenzako msimu huu, uweke akiba.

Namba za kilomita kwa lita zipate kwa kujaza tanki mpaka juu, kuandika kilomita, kusafiri na mzigo wa kawaida, na kujaza tena mpaka juu. Fanya kabla na baada ya matengenezo. Hapo ndipo utajua fundi amekupa nini.

Lini, na kwa nani?

Muda mzuri wa kufungua hedi ni pale mazao yakiwa bado shambani na gari halina kazi. Kwa wanaotegemea mvua za Novemba hadi Aprili, Januari na Februari ni muafaka. Kwa wa umwagiliaji, fanya kabla ya kupandikiza miche. Usisubiri nyanya ziive ndipo uanze kutafuta gasketi.

Kuhusu fundi, muulize maswali matatu: una geji ya mbano ya dizeli? Una spana ya kipimo cha kukazia boliti? Hedi utaipima presha wapi? Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa. Akiwa hana kifaa, atakwambia anaazima wapi. Na kikundi chenye gari kingetakiwa kumtoa kijana mmoja akasome ufundi wa magari kozi fupi. Hapa Tabora VETA ipo. Hata asipokuwa fundi, atakuwa na macho ya kusimamia, na hiyo inatosha kuokoa hela nyingi.

Kama gari lako lina dalili mojawapo niliyoitaja, fanya vile vipimo sita wiki hii kabla ya safari nyingine, uandike majibu, halafu njoo nayo ofisini kwangu au mpelekee afisa ugani wa kata yako mkae nayo. Makala ijayo tunarudi shambani: namna ya kupanga nyanya kwenye matenga ili zifike bila kupondeka.

Nakutakieni kilimo chenye faida, na safari njema.